Daftari la Greda

Meza ya jikoni, Chumbageni. Chai imepoa.
Nimetandaza kalenda ya mwaka jana, upande mweupe juu,
na Sechambo anachora njia kwa penseli ya seremala,
mkono ukimtetemeka kidogo,
maana ametoka zamu ya usiku, kiwandani kwenye saruji.

Tanga hapa. Pangani hapa. Halafu pantoni, halafu Bweni,
halafu, anasema, Mungu mwenyewe anajua.

"Lami ipo," nasema. "Segera, Chalinze,
jioni tunakula Bagamoyo."
Ananitazama kama nimecheka msibani.
"Hatuendi kufika," anasema. "Tunakwenda kupita."

Daftari la baba liko kati yetu, jalada limeliwa na mende.
Miaka ishirini na miwili aliendesha greda la serikali,
akilaza matuta kutoka Mwera hadi Mkwaja.
Kila masika mito ikamfutia kazi,
kila kiangazi akaanza upya, bila kununa.
Hakuwa msemaji. Aliandika hivi:

Kijito cha pili baada ya mikonge: usiamini daraja.
Mchanga mwekundu. Punguza upepo wa matairi.
Mwamba umeingia baharini kama ngumi. Hapa upepo unaiba kofia.
Tembo. Zima injini. Barabara ni yake, wewe mpita njia.
Kwa Bi Mwanapili, muhogo wa nazi. Ana deni langu, au mimi nina lake.

Sechambo anasoma, mimi naandika orodha.
Spea mbili, si moja. Jeki, na kipande cha ubao
ili jeki isizame. Koleo. Maji lita arobaini.
Kamba ya katani. ("Watu wa Tanga tukakose kamba!")
Petroli, madumu mawili, kiti cha nyuma.

Fundi Kidege ameikagua Suzuki,
ameipiga boneti kama mgongo wa ng'ombe mnadani,
akasema: itakwenda.
Hakusema itarudi.

Tumebishana juu ya mwezi.
Yeye anataka mwezi mpevu, tuone njia usiku.
Nikamwambia mpevu ndio bamvua,
na pale penye mikoko bahari hupanda barabarani
ikakaa, kama mgeni asiyeulizwa ataondoka lini.
Basi mwezi nane, maji mafu. Akakubali kwa kununa.
Ununaji hakuurithi kwa baba.

Ukurasa wa mwisho, kabla ya lango la Saadani,
kuna alama ya wino wa buluu, kama ya kuzidisha.
Hakuna neno.
"Tope," anasema Sechambo.
Tope angeliandika. "Basi greda liliharibika."
Hilo pia angeliandika, na bei ya kifaa.
Akakohoa. "Labda nyumba," akasema, chini chini,
nami nikajua ni nyumba ya namna gani anayoiwaza.

Mlangoni ungo ukanyamaza.
Tulisahau kwamba mama anachambua mchele,
na kwamba masikio yake hayajazeeka.

"Miaka yote hiyo nilimsindikiza mpaka pantoni," akasema.
"Namkabidhi kikapu, nageuka. Ng'ambo ya Bweni sikujui.
Hebu someni tena hapo pa upepo."

Tukasoma.
Akacheka mpaka punje zikamwagika.
"Kumbe ndiko zilikokwenda! Kofia saba nilimshonea,
saba, kila moja mwezi mzima wa macho yangu,
na kila akirudi kichwa wazi nikawa na langu moyoni."

Akafuta machozi kwa ncha ya kanga.
Sechambo akauliza, polepole: "Na hii alama, mama?"
Akaitazama kwa mbali, bila miwani.
"Tukifika nitaijua."

Tukifika. Hakusema mkifika.

Kaka akanitazama, mimi nikaitazama orodha.
Nikalikata dumu moja la petroli,
nikaandika: mto wa kukalia, dawa ya presha,
dirisha la kushoto, upande wa bahari.